Shani Analala Wapi

Kimbo, Ruiru
Jumapili ya mwisho ya Septemba. Niliondoka nyumbani mahindi yakipaliliwa. Mmeyavuna, mkapanda, mkavuna tena, na mimi bado sijachoma hata hindi moja la shamba letu.

Mpendwa Mama Nafula,

Ninakuandikia kwa sababu kwa simu tumeshindwa. Nikipiga unasema "Haya," nami nasema "Haya," halafu tunasikiliza mbuzi wa jirani mpaka kredo inaisha. Karatasi haiishi namna hiyo. Mwandiko wangu unaujua, umelala upande kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na pale utakapokushinda Nafula akusomee. Ukimaliza usiifiche. Jambo letu limeshasemwa mbele ya ukoo mzima, basi na jibu langu lisomwe mbele ya ukoo mzima. Ndugu yangu mkubwa akitaka kuishika barua hii kwa mkono wake, mpe aishike.

Jambo lenyewe ni nyumba. Umejenga nyumba nikiwa huku, na ndugu yangu amesema ukoo ukikutana Desemba, kama mimi sitakuwa nimetoa neno, atapanda mwenyewe ang'oe mabati. Neno langu liko humu ndani. Lakini nitalifikia polepole, maana mimi mwenyewe nililifikia polepole, tena kwa njia ambayo utanicheka. Nililipata mbele ya tivii ya Mama Kevo.

Unakumbuka chumba chetu cha kwanza hapa Kimbo, kabla hujarudi nyumbani na Nafula? Ile tivii ndogo niliyoinunua kwa fundi, yenye picha inayoruka kila lori likipita, na antena uliyoifunga kwenye mti wa mwiko uliovunjika. Jioni nilikuwa nikirudi na simenti hadi kwenye nyusi, nakukuta umekaa sakafuni na rundo la sukuma wiki mapajani, unakata, unatazama drama. Wanawake wote wa plot, wapangaji wenzetu, walikuwa wanatazama nguo na nywele. Wewe ulikuwa unatazama mikono.

"Huyu hajawahi kuosha sufuria ya ugali," unasema. "Tazama kucha."

Nakumbuka jioni moja hasa. Yule staa wa wakati huo, aliyekuwa akipigwa na mumewe tangu drama ianze, alisimama, akamwambia mumewe maneno makali, akachukua sanduku moja akatoka kwenye mvua, mlango akaubamiza mpaka ukuta wa kadibodi ukatikisika. Plot nzima ilipiga makofi. Kulikuwa na mama hapo mlangoni aliyelia kabisa. Wewe hukuinua hata uso kutoka kwenye sukuma.

"Sasa analala wapi?" ukauliza.

Nikakwambia, "Si ni drama tu?"

"Ndiyo, ni drama. Mlango ameufunga vizuri, nimeona. Nauliza analala wapi."

Kesho yake tukamwona yuko kwenye nyumba nyingine, safi, nywele zimetengenezwa, anakunywa chai kwa kikombe chenye kisahani. Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka. "Wameruka," ukasema. "Hapo waliporuka ndipo penyewe."

Nimeishi na neno hilo miaka hii yote. Kila mwanamke wa tivii akisifiwa mbele yangu kwamba ni jasiri, nasikia sauti yako na kisu chako kwenye sukuma.

Sasa hapa kwa plot yetu kuna drama nyingine, na staa wake anaitwa Shani. Mama Kevo ndiye msimamizi wa plot, ana chumba kile cha karibu na geti, na mchana anatuletea githeri kwenye mjengo tunaoupiga plasta kule Membley. Tivii yake ni kubwa kama mlango. Ikifika wakati wa Shani anafungua pazia na kila mtu anakuja na kiti chake. Mimi nakalia mtungi nilioupindua. Pembeni yangu hukaa Shiro, msichana aliyepanga chumba kinachofuata changu, anayeshona kwenye kiwanda cha nguo upande wa Thika na kurudi na nyuzi kwenye sweta. Huyo ndiye wakili wa Shani. Ukimgusa Shani umemgusa yeye.

Hadithi yenyewe ni hii. Shani alikuwa msichana wa kazi kwenye nyumba ya matajiri. Kijana wa nyumba, Justus, akampenda, akamwoa. Mama mkwe akaanza vita. Akamwekea kitu kwenye chai, akamsingizia wizi wa mkufu, akamlaza kwenye stoo mtoto akiwa mchanga. Shani analia, anavumilia, anaomba Mungu, na Justus haoni kitu. Halafu wiki chache zilizopita Shani akabadilika. Akaanza kuvaa suti. Akaanza kuongea sentensi ambazo mtu anasimama katikati yake ili muziki upigwe.

Mimi nilikuwa naitazama nimechoka, Mama Nafula, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umeisha. Bega la kulia halipandi tena kama zamani. Tunapiga plasta nyumba ya ghorofa, ya watu watatu, ina vyoo vingi kuliko watu. Jioni naenda kwa Mama Kevo kwa sababu nikikaa peke yangu chumbani nafikiri, na mwaka huu sikutaka kufikiri.

Maana ndugu yangu alikuwa ameshanipigia.

Niandike desturi hapa, si kwa ajili yako, unaijua kunishinda, bali kwa ajili ya Nafula ambaye atakuwa anasoma. Kwetu mwanamke anaweza kukanda udongo, kuchota maji, kuwapikia mafundi, hata kuchagua mlango utazame upande gani. Lakini pale juu kabisa, bati la mwisho linalofunika kiungo cha paa, na kijiti kinachosimama juu yake, ni kazi ya mwenye nyumba akiwa hai. Akifa, ndipo kijiti kinang'olewa. Nyumba iliyofungwa bila yeye wakati angali anapumua inahesabiwa ni nyumba ya mjane, na yeye akirudi hawezi kulala ndani yake.

Tulipofunga ile nyumba yetu ya kwanza nilipanda mimi, wewe ukashika ngazi. Kijiti tulikikata kule mtoni. Nikakisimamisha, nikakuuliza kutoka juu, "Kimenyooka?" Ukakitazama, ukanitazama mimi, ukasema, "Kimeinama kidogo, kama wewe. Shuka tule, ugali unapoa." Baba yangu alikuwa bado hai, akacheka mpaka akakohoa. Hatukukinyoosha. Kilibaki vile vile mpaka nyumba yenyewe ilipochoka.

Najua ilivyochoka. Mvua za mwaka huu ziliuangusha ukuta wa nyuma. Wewe na watoto mkahamia jikoni, mkalala na kuku na moshi. Zamu yako ilipofika kwenye chama chenu cha kuchangiana, wenzako waliochukua sufuria walichukua sufuria, wewe ukasema unataka mabati. Haya yote niliambiwa. Niliambiwa na watu wengine, lakini niliambiwa.

Ndugu yangu alinipata kwa simu niko juu ya jukwaa la mbao, ndoo ya plasta mkononi.

"Uko hai?" akaniuliza.

"Niko hai, kwani kuna nini?"

"Basi njoo umwambie bibi yako, kwa sababu yeye ameshakuzika. Ameinua nyumba, ameifunga juu, na kijiti hakuna. Nimesimama barabarani nikatazama kwa macho yangu. Sasa ukija utalala wapi? Jikoni na kuku?"

Mafundi wenzangu walikuwa wanasikia. Nikasema nitampigia baadaye. Akaongeza, "Mwanamume mwenye bibi kama huyo ni wa kuhurumiwa." Akakata.

Jioni hiyo ulinitumia picha ya nyumba kwa simu ya Nafula. Hukuandika neno chini yake. Niliitazama. Niliona ni nzuri, niliona mlango umetazama mashariki kama tulivyowahi kusema, niliona mabati yanang'aa, na nilipoona hivyo nikaifunga simu. Nikakupigia, ukasema "Haya," nami nikasema "Haya."

Basi wiki zile nilikuwa nakaa kwenye mtungi wangu namtazama Shani akikua, na kila Shani akikua Justus anakuwa mjinga zaidi. Hilo ndilo lililoanza kuniuma. Mwanzoni Justus alikuwa mtu wa kawaida. Alikuwa na kazi, alikuwa anajua kumbeba mtoto. Lakini kadiri walivyomtaka Shani awe jasiri ndivyo walivyomnyang'anya Justus akili, kidogo kidogo, mpaka sasa hawezi kufungua kopo bila mamake. Mama mkwe akimwambia mvua inatoka ardhini inapanda, yeye anafungua mwavuli kwa chini. Nikawa natazama sioni Justus tena. Naona vile ndugu yangu ananiona. Nasema moyoni, kumbe ndivyo inavyopangwa: ili mwanamke awe na nguvu, lazima kuwe na bwege pembeni, na kwenye drama ya boma letu bwege ni mimi.

Jumatano iliyopita ndipo Shani akatoka. Familia iko mezani, chakula kimepangwa kama harusi. Mama mkwe anasema maneno yake. Shani anasimama, anavua pete, anaidondosha kwenye bakuli la supu la mama mkwe, tubwi! Anasema, "Kuanzia leo, nyumba ni mimi!" Anamchukua mtoto, anatoka kwenye mvua. Mlango, kishindo. Muziki.

Shiro aliruka kutoka kwenye kiti. "Ameua! Aki ameua! Huyo ndiye mwanamke, mnoma kabisa!"

"Ngai," Mama Kevo akasema, ameshika kifua. "Na vile amekavumilia hako kamama!"

Nikasikia mtu anauliza, "Analala wapi?" Kumbe ni mimi.

Wote wakanigeukia. "Nani?"

"Shani. Ametoka sasa hivi, mvua inanyesha, mtoto yuko kifuani hana hata blanketi. Analala wapi?"

"Baba Nafula, wacha kuharibu," Shiro akasema. "Si atalala hoteli."

"Kwa pesa gani? Pete ndiyo hiyo iko kwa supu."

"Basi kwa rafiki yake."

"Rafiki gani? Tangu drama ianze kila mwanamke humo ndani anamtilia sumu."

Mama Kevo akacheka mpaka akashika ukuta. Shiro hakucheka. "Wewe unamchukia tu kwa sababu ni mwanamke ameamka."

"Simchukii. Nasema hana nguvu mnayomsifia. Amezungukwa na wajinga. Hata mimi ukiniweka mbele ya Justus nitaonekana profesa. Na huyo mtoto! Tangu suti zianze hajawahi kulia Shani akiwa mkutanoni. Mtoto ndiye mnoma hapo."

"Kwa hivyo unataka bibi awe na nguvu na bwana naye awe na akili?" Shiro akaniuliza. "Sasa hiyo drama itakuwa ya nini? Itaisha siku moja!"

Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Ndipo Mama Kevo, ambaye nilikuwa nimemweleza habari ya simu ya ndugu yangu, akapangusa macho kwa leso na kuniambia, taratibu kabisa, bila ubaya:

"Unauliza sana vile Shani analala. Mvua ya mwezi wa nne ikinyesha kwenu, bibi yako alikuwa analala wapi?"

Tangazo la sabuni lilikuwa linapita. Nikalitazama kama sijawahi kuona sabuni.

"Alijenga," nikasema.

"Alijenga nini?" Shiro akauliza. Yeye hakuwa anajua.

"Nyumba."

"Peke yake? Na umekaa hapa unatuuliza habari ya Shani? Tuone!"

Nikatoa simu. Shiro akaichukua, akaipanua picha kwa vidole viwili kama wanavyofanya vijana, akaanza kuikagua kama nguo inayotoka kwa mashine. "Ni kasafi," akasema. "Madirisha mawili. Na hapa juu ni nini? Jiwe?"

"Jiwe gani?"

"Hili hapa. Kwani huko kwenu mnaweka mawe kwa paa?"

Akanirudishia. Mama Nafula, ile picha nilikuwa nimeifungua mara nyingi, na kila mara nilikuwa naona kitu kimoja tu, yaani mimi siko. Sasa nikaona. Pale juu kabisa, kwenye ncha ya nyuma ya paa, ambayo picha iliyopigwa kutoka pembeni inaionyesha lakini mtu aliyesimama barabarani hawezi kuiona, bati la mwisho halijapigwa msumari. Limelazwa tu. Jiwe la mtoni liko juu yake, na waya umelizunguka lisiteleze. Mimi nimefanya kazi ya mjengo, najua bati lililosahauliwa na bati lililoachwa. Lile liliachwa.

Sikungoja drama iishe. Kesho yake, saa ambayo Nafula hutoka shule, niliteremka jukwaani nikampigia.

"Nafula, mbona bati la juu halijapigwa?"

"Mama alikataza, Baba. Fundi alikuwa ameshapanda na misumari mdomoni. Mama akamwambia ashuke. Akamwambia, hapo si pako."

"Na jiwe nani aliliweka?"

"Yeye mwenyewe. Upepo ukivuma sana huwa anapanda ngazi kuangalia kama liko."

"Mbona hakuniambia?"

Mtoto wako akasema, kwa sauti yako kabisa, "Hukuuliza, Baba. Ulisema 'Haya.'"

Msimamizi wa mjengo aliniita mara mbili kabla sijasikia.

Basi tangu siku hiyo ninayo picha ambayo haiko kwenye simu. Nakuona umepanda ngazi, upepo unavuta leso, kuku wanapiga kelele chini, watu wa barabarani wanasema unamzika mumeo, na wewe unashika jiwe, unalisukuma kidogo, unaona liko, unashuka. Unarudi kupika. Hukumwambia mtu, hata ndugu yangu aliposimama hapo barabarani akisema maneno yake. Nilimuuliza Nafula ulimjibu nini siku hiyo. Akasema ulimwuliza kama atakunywa chai.

Shiro ameniuliza tena, jana, kama nimebadilisha nia kuhusu Shani. Nilimwambia ukweli wangu, nami nakwambia wewe, maana wewe ndiye uliyenifundisha kutazama.

Ijumaa Shani alirudi. Kama ulivyosema zamani, wameruka. Hatukuonyeshwa alikolala. Yuko na suti nyeupe, mtoto hatujui yuko na nani, anaingia kwenye kampuni ya majani chai ya ukoo wa Justus kwenda kuwaambia wazee wa kampuni kwamba sasa yeye ndiye mkubwa wao. Nilijua kitakachofuata, maneno na muziki. Lakini kabla ya kuingia alikaa kwenye ngazi. Akavua kiatu kimoja. Akabonyeza kisigino kwa kidole gumba, muda mrefu, anatazama ule mlango. Hapakuwa na muziki. Hakusema kitu. Shiro alitoka kwenda kuangalia sufuria yake, akasema hapo pamepoa. Mama Kevo alikuwa anachagua maharagwe. Mimi peke yangu nilitazama, nikasema, ni huyu. Halafu akavaa kiatu, akaingia, akaanza kupiga kelele, akarudi kuwa yule mwingine.

Kwa hiyo nilimwambia Shiro: Shani ana nguvu kwa muda wa kuvua kiatu na kukivaa. Wangetuonyesha alikolala usiku ule wa pete, na mtoto alivyolia, na asubuhi alivyoamka akatafuta maji ya kumwosha, ningempigia makofi hata kabla hajavaa suti. Na wangemwachia Justus akili zake. Mwanamke akimshinda mjinga hakuna aliyeshinda.

Shiro akafikiri. Akasema, "Lakini Baba Nafula, mtu hatatazama mama amekaa kwa ngazi."

Labda hawatatazama. Mimi ningetazama.

Sasa nifike kwenye neno langu.

Niliogopa, Mama Nafula. Nikiandika hivi najua wengine watasoma, na waisome. Niliogopa kwamba umekuwa mkubwa mpaka mimi nimebaki wa kuonewa huruma. Nimeweka vigae juu ya nyumba za watu wa Membley na wa Kahawa Sukari, watu ambao jina langu hawalijui, na juu ya nyumba yangu mwenyewe nikaambiwa nimekufa. Kumbe wewe, kwenye mvua, na ukuta umeanguka, na mabati ya chama, na maneno ya barabarani, ulijenga nyumba nzima na ukaacha pale panaponitosha mimi. Hukunifanya mjinga ili uwe na nguvu. Ulikuwa nazo tangu zamani, tangu kwenye sukuma. Mimi ndiye nilikuwa sijaziona zikifanya kazi kwenye kitu kikubwa hivyo.

Ndugu yangu, kama umefika hapa, shikamoo. Asante kwa kunipigia, ulifanya hivyo kwa sababu wewe ni ndugu. Lakini mabati ya nyumba hiyo usiyaguse. Zunguka nyuma ya nyumba, simama kule kwenye migomba, utazame juu. Nyumba haijafungwa. Inaningoja. Ukimaliza kutazama, nenda kwa shemeji yako ukanywe ile chai.

Nafula, wewe uliyekuwa unasoma kwa sauti, pumzika kidogo, mengine ni ya mamako.

Nimechoka sana, mke wangu. Sitaki kukudanganya kwamba nitarudi na mengi. Bega hili si la kubeba tena kama zamani, na jioni nyingine mikono haikunjiki. Kuna siku napanda ngazi ya watu nikiwa nimesahau ninapanda kwa ajili ya nani. Lakini tangu Alhamisi nikipanda naona jiwe. Nashika bati la mtu nafikiri, hivi ndivyo nitakavyolishika letu, msumari wa kwanza hapa, wa pili pale, taratibu, nisilikunje. Uchovu haujaisha, ila sasa najua ninaenda nao wapi.

Msimamizi amesema mjengo unafungwa wiki ya kwanza ya Desemba. Nitapanda basi siku itakayofuata, na nitakuwa hapo kabla ya ukoo kukutana. Usimtume mtu kukata kijiti. Nitashukia kule chini na kupitia mtoni, nikikate mwenyewe pale tulipokata cha kwanza, kama ule mti bado unachipua. Bega likigoma, Nafula atanipa nyundo na mimi nitapiga kwa mkono wa kushoto. Lakini nitapanda mimi.

Mpaka hapo, upepo ukivuma, jiwe liangalie kama ulivyokuwa ukiliangalia. Usilitoe mpaka unione nimesimama mlangoni. Weka ngazi upande wa nyuma, na uishike wewe, mtu mwingine asiishike. Nikiwa juu nitakuuliza kama kimenyooka, na najua utakachosema, na nataka nikisikie.

Mtu akikuuliza nitalala wapi, mwonyeshe mlango.

Mumeo anayekuja,
Baba Nafula